Kifungu cha Uanachama: Katiba za Wasomi Weusi wa Marekani, 1897–1969

Tarehe 5 Machi 1897, siku moja baada ya William McKinley kuapishwa kuwa Rais wa Marekani, kundi dogo la wanaume Weusi lilikutana mjini Washington na kuanzisha American Negro Academy, chama cha kitaifa cha wasomi wenye asili ya Afrika. W. E. B. Du Bois, kijana wa miaka 29 mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliwasomea hotuba juu ya wajibu wa Weusi kulinda upekee wao kama jamii. Mchungaji Alexander Crummell, mzee wa miaka 78, aliwaambia kuwa ustaarabu ndiyo haja ya kwanza ya watu wao. Hotuba hizo mbili zimechapishwa tena na tena, zimefundishwa vyuoni na kubishaniwa kwa zaidi ya karne nzima. Katiba ya chama hicho haikupata wasomaji wa namna hiyo. Huonekana ni karatasi ya makarani tu: nani ataingia, nani atampendekeza, kura ngapi zinatosha. Nasema karatasi hiyo iliamua mengi kuliko hotuba. Malengo ya chama yaliandikwa kwa lugha ya fahari, lakini kifungu cha uanachama ndicho kilichoamua lipi litimie na lipi libaki kwenye maandishi. Na mtu akikifuata kifungu hicho tangu 1897 hadi mgogoro wa Montreal wa 1969, ataiona historia ya usomi wa Weusi wa Marekani kwa sura ambayo hotuba peke yake hazimwoneshi.

Crummell mwenyewe alikuwa ameonja uchungu wa kanuni za aina hii tangu ujana. Mwaka 1839 seminari kuu ya Kanisa la Episkopali mjini New York, mji aliozaliwa, ilikataa kumpokea kwa sababu ya rangi yake. Alipokwenda Philadelphia, Askofu Onderdonk alikuwa tayari kumpokea katika dayosisi kwa sharti moja: kasisi Mweusi asikae katika mkutano mkuu wa dayosisi, wala kanisa lake lisiombe kuwakilishwa humo. Kwa maneno mengine, aliruhusiwa kuhubiri na akanyimwa kura. Crummell alikataa. Du Bois alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha 1903, na ndicho kisa kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini mtu huyu, uzeeni, alijishughulisha na kuunda chombo chenye katiba badala ya kutosheka na mahubiri. Baada ya Philadelphia alikwenda Uingereza, akahitimu Cambridge mwaka 1853, akaishi Liberia karibu miaka ishirini, kisha akarudi Washington na kuliongoza Kanisa la Mtakatifu Luka. Alichokitaka mwaka 1897 kilikuwa baraza ambalo Mweusi haombi kiti ndani yake, kwa kuwa viti vyote ni vyake.

Katiba waliyoipitisha ni fupi. Inasema chama ni cha waandishi, wanazuoni, wasanii na watu waliojipambanua katika nyanja nyingine, wanaume wenye asili ya Afrika. Wanachama wasizidi 50. Anayetaka kuingia apendekezwe kwa maandishi na wanachama sita kupitia kwa mmoja wa makatibu. Kisha apigiwe kura, na akubaliwe tu kwa theluthi mbili ya wanachama wote, awe mpiga kura yupo mwenyewe au amemtuma mwingine ampigie. Na kila mwanachama apewe taarifa miezi miwili kabla ya kura. Baada ya lango hilo jembamba yanafuata malengo mapana: kukuza uchapishaji wa kazi za kitaaluma, kuwasaidia vijana wenye vipaji kupata elimu ya juu ndani na nje ya nchi, kukusanya kumbukumbu na vitabu vya waandishi Weusi, kuwatetea Weusi kwa machapisho dhidi ya mashambulizi ya waovu katika kila tawi la elimu, na kutoa walau mara moja kwa mwaka kitabu cha makala mpya. Kipo pia kifungu kinachowaalika waandishi kuleta miswada yao ili chama kiihukumu na, kikiridhika, kiitoe ikiwa na kibali chake. Msomaji asiyekuwa na haraka ataona mgongano. Malengo haya yalihitaji fedha, wafanyakazi na hadhira ya taifa zima. Kifungu cha uanachama kiliweka dari ya watu 50 wenye ada zao, wametawanyika kutoka Boston hadi Atlanta na Ohio.

Sitaki kupunguza heshima ya kilichofanyika. Hadi mwaka 1924 chama kilikuwa kimetoa vijitabu 22, na baadhi yake vilikuwa kazi za kiwango cha juu kabisa. Kijitabu cha kwanza kiliandikwa na Kelly Miller, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Howard, kumjibu Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential. Mwaka 1896 Hoffman alikuwa ametoa kitabu akidai kuwa Weusi wa Marekani wanaelekea kuisha kwa sababu ya udhaifu wa maumbile yao. Dai lile halikuishia vitabuni: kampuni za bima zilipata humo kisingizio cha kumkataa mteja Mweusi, na wanasiasa wakapata sababu ya kutomjengea hospitali. Miller alizichukua takwimu za sensa zilezile, akaonesha kuwa magonjwa na vifo vilifuata umaskini na makazi mabaya, wala havikufuata damu. Mwaka 1899 John L. Love aliandika kijitabu juu ya kunyang'anywa Weusi haki ya kupiga kura. Mada hiyo ilikuwa ya siku ile hasa. Mississippi ilibadili katiba yake mwaka 1890, South Carolina mwaka 1895, na Louisiana mwaka 1898 iliwaondolea sharti la kusoma na la mali wale tu ambao wao, baba zao au babu zao walikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867 au kabla yake, yaani karibu Weupe peke yao. Ulikuwa wakati wa vifungu. Mtu alitolewa katika uraia bila kutajwa rangi yake, kwa sentensi moja iliyoandikwa na mwanasheria stadi. Wasomi wa Academy walizisoma sentensi hizo kwa jicho kali kuliko mtu yeyote wa zama zao, na ndiyo maana inauma kuona jinsi walivyoiandika sentensi yao wenyewe.

Katika sentensi hiyo mna neno "wanaume". Mjini Washington, katika shule ya sekondari ya M Street, alifundisha Anna Julia Cooper. Alikuwa na shahada ya pili ya Oberlin tangu 1887, na mwaka 1892 alikuwa ametoa kitabu ambacho hadi leo husomwa miongoni mwa misingi ya fikra za wanawake Weusi. Katika kitabu hicho alimtaja Crummell kwa heshima, hasa kijitabu chake cha 1883 kilichomtetea mwanamke Mweusi wa Kusini. Mwandishi huyo wa kijitabu, alipopata nafasi ya kuandika katiba, hakumwachia mlango msomaji wake bora. Na Cooper hakuwa peke yake. Mary Church Terrell, msomi mwingine wa Oberlin, aliishi mji huohuo. Jessie Fauset, aliyehitimu Cornell mwaka 1905, alifundisha M Street kuanzia 1906 hadi 1919, na kwa miaka kadhaa alikuwa na mwalimu mwenzake aitwaye Carter G. Woodson. Mwaka 1914 Woodson alichaguliwa kuingia Academy. Fauset hakuweza hata kupendekezwa. Hapa kifungu hakikupima elimu, wala maandishi, wala huduma kwa jamii. Chama kilikaa miaka 31 bila kuandikisha mwanamke hata mmoja.

Kuna jibu ambalo hutolewa upesi, nalo si jepesi: kwamba kilichoiua Academy ni umaskini na ubaguzi wa nchi ile, wala si katiba yake. Wanachama walikuwa walimu, wachungaji na mawakili wenye kipato kidogo. Maktaba kubwa za Kusini ziliwafungia milango. Magazeti ya Weupe hayakuvitaja vijitabu vyao. Booker T. Washington, mtu Mweusi aliyesikilizwa kuliko wote na matajiri wa Kaskazini, alialikwa asihudhurie, na elimu ya ufundi aliyoihubiri ndiyo iliyopata fedha. Yote haya ni kweli. Lakini umaskini unaeleza kwa nini kazi ilikuwa ngumu. Hauelezi kwa nini chama kilijinyima wasaidizi waliokuwepo. Mwaka 1896, katika mji uleule wa Washington, wanawake Weusi waliunganisha vilabu vyao na kuunda National Association of Colored Women, Terrell akiwa rais wake wa kwanza. Chama hicho kilikuja kuwa na wanachama kwa maelfu, kikachanga fedha, kikaendesha shule za watoto wadogo na nyumba za wazee. Hawakuwa matajiri kuliko waume na kaka zao. Walikuwa na katiba iliyomruhusu mtu wa mji mdogo kuingia kupitia klabu yake, na ada ndogo za wengi zikafanya kazi ambayo ada za watu 50 zisingeweza.

Vifungu vya kura navyo viliumiza. Theluthi mbili ya wanachama wote ni idadi kubwa kwa chama ambacho wengi wake wanakaa mbali na hawaji mikutanoni. Mwanachama mvivu wa kujibu barua alihesabika sawa na mwanachama aliyepinga. Du Bois, aliyemrithi Crummell kama rais baada ya mzee huyo kufariki Septemba 1898, alikuwa akifanya kazi Atlanta, mbali na Washington ambako shughuli zilifanyika. Archibald Grimké alishika urais kuanzia 1903 hadi 1919, miaka 16, na kazi ya kila siku ikabebwa na wachache, hasa katibu John W. Cromwell. Kanuni iliyokusudiwa kulinda hadhi ya chama iligeuka kuwa kanuni ya kukifanya kizeeke na watu walewale. Hata lile lengo la kuwasaidia vijana wenye vipaji lilitimizwa na wengine. Mwaka 1925 majarida ya The Crisis na Opportunity yaliendesha mashindano ya uandishi yaliyowaibua vijana wa Harlem, na mhariri wa fasihi wa The Crisis alikuwa Jessie Fauset, yuleyule ambaye katiba ya Academy haikumwona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na nimelitafakari kwa uangalifu. Linasema kwamba wakati ambapo kila msomi Mweusi alihesabiwa kuwa mwigizaji wa usomi, chama kilihitaji lango jembamba. Wangemruhusu kila mtu, Hoffman na wenzake wangelichukua andiko moja dhaifu na kulitumia kuwacheka wote. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Hata hivyo, ukiangalia ni nani aliyefika juu kabisa katika chama, utaona kuwa lango jembamba halikuwa lango la vyeti. Rais wa mwisho, kuanzia 1920, alikuwa Arthur Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico, karani wa benki mjini New York, mtu asiye na shahada yoyote ya chuo kikuu. Aliingia kwa maneno yale ya katiba yanayowataja watu waliojipambanua katika nyanja nyingine, na aliyastahili. Mkusanyiko wake wa vitabu, miswada na picha juu ya watu wenye asili ya Afrika ulinunuliwa mwaka 1926 kwa dola 10,000 za Carnegie Corporation kwa ajili ya Maktaba ya Umma ya New York, na hadi leo ni hazina ya watafiti. Lengo la Academy la kukusanya kumbukumbu lilitimizwa kwa mfuko na subira ya mtu mmoja. Kifungu kilikuwa na upana wa kumpokea karani asiye na digrii, na hilo ni jambo la kusifiwa. Ila upana huo unaibomoa hoja ya ubora. Chama kilichoweza kumtambua Schomburg kwa kazi yake kiliweza kumtambua Cooper kwa kazi yake, na baadaye Sorbonne ilimtambua kwa shahada ya uzamivu mwaka 1925, akiwa na miaka 66. Ubora ulilindwa na ukali wa hoja za Miller na Love katika kurasa zao, na kurasa hizo zisingepungua ukali kwa kuandikwa na wanawake.

Woodson aliyaona haya kwa ndani. Mwezi Septemba 1915, mwaka mmoja tu baada ya kuingia Academy, alikutana na watu wachache katika jengo la YMCA la Wabash Avenue mjini Chicago wakaunda Association for the Study of Negro Life and History. Mwezi Januari 1916 ikatoka Journal of Negro History. Chama hiki hakikuwa na idadi ya juu ya wanachama, wala wapendekezaji sita, wala sharti la rangi au la jinsia. Mwalimu wa shule ya msingi wa Virginia aliweza kujiunga kwa kulipa, akapata jarida. Matokeo yalionekana mara moja kwenye kurasa. Katika juzuu ya kwanza yumo Alice Dunbar-Nelson akiandika historia ya watu wa rangi wa Louisiana, na mwaka 1917 Mary Church Terrell aliandika humo historia ya shule ya sekondari ya Weusi ya Washington, shule ileile walikofundisha Cooper na Fauset. Waandishi hao wangezuiwa na neno moja la katiba ya 1897. Mwaka 1926 chama kikaanzisha wiki ya historia ya Weusi kila Februari, na wiki hiyo ikaenea kwa haraka kwa sababu ilikuwa na jeshi la walimu ambao tayari walikuwa wanachama au wasomaji. Mwaka 1936 Mary McLeod Bethune alichaguliwa kuwa rais, akakaa hadi 1951. Academy ilikuwa imekwisha tangu 1928, bila mgogoro, ikafifia tu.

Ningekuwa nadanganya kama ningeacha picha hapo, maana katiba ya Woodson nayo ilikuwa na udhaifu wake, na ulikuwa upande wa pili. Lango lilikuwa wazi, ila chumba cha maamuzi kilikuwa na mtu mmoja. Toleo la kwanza la jarida alilitoa kwa fedha zake, kiasi cha dola 400, bila kuishauri halmashauri. Hatua hiyo iliokoa jarida, lakini pia iliweka desturi. Kwa miaka 35, hadi alipofariki 1950, mkurugenzi alikuwa ndiye chama. Katika halmashauri waliingizwa Weupe wenye majina na mali, kama Julius Rosenwald na mwanasheria Moorfield Storey, na mwanasosholojia Robert E. Park alipewa urais kwa muda. Majina hayo yalifungua mifuko ya wafadhili. Kisha wafadhili wakataka chama kiwekwe chini ya chuo kikuu, Woodson akakataa, na katika miaka ya 1930 misaada mikubwa ikakauka. Alipona kwa sababu ya wanachama wadogo wadogo, wachangiaji wa dola moja moja waliokusanywa na makanisa na shule. Naamini alikuwa sahihi kukataa. Lakini tukio lile lilionesha jambo ambalo katiba iliyo wazi haikulijibu: wanachama waliolibeba chama kwa ada zao hawakuwa na njia ya kweli ya kumwelekeza mkurugenzi, na kama angeamua kusalimu amri kwa wafadhili, wasingeweza kumzuia. Kuingia ni jambo moja, kuamua ni jambo jingine. Askofu Onderdonk alilijua hilo tangu ujana wa Crummell.

Ndipo tunafika Montreal. African Studies Association iliundwa New York mwaka 1957, Melville Herskovits akiwa rais wa kwanza, na wengi wa waasisi wake walikuwa Weupe. Mwaka uliofuata sheria ya elimu kwa ulinzi wa taifa ilianza kumimina fedha za serikali katika vituo vya masomo ya nchi za nje, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa kwa fedha hizo. Karibu zote zilikwenda vyuo vikuu vya Weupe. Vyuo vya Weusi kama Howard na Lincoln, ambavyo vilikuwa vimewafundisha Nnamdi Azikiwe na Kwame Nkrumah kabla Marekani haijagundua kuwa Afrika ni somo, vilipata kidogo. Ndani ya chama kulikuwa na ngazi mbili: wanachama wa kawaida, na wanachama waandamizi ambao peke yao walikuwa na sauti ya mwisho katika uongozi. Weusi waliingia kwa urahisi katika ngazi ya kwanza. Mwaka 1968, mkutanoni Los Angeles, waliunda kambi yao, na Oktoba 1969 mjini Montreal wakasimamisha vikao na kudai, pamoja na mengine, kwamba nusu ya bodi iwe ya watu wenye asili ya Afrika. Wanachama waandamizi walipiga kura na kukataa. Wengi wa Weusi wakatoka na kujenga African Heritage Studies Association, rais wake akiwa John Henrik Clarke. Clarke alikuwa mwalimu aliyejifunza mwenyewe, aliyefika Harlem kijana na kuongozwa katika historia na Schomburg. Kanuni ya chama kipya iliuweka uanachama mikononi mwa watu wenye asili ya Afrika, wa bara lenyewe, wa Karibi na wa Amerika.

Hapa huja lawama kubwa kuliko zote: kwamba kanuni hiyo, kama ile ya 1897, ni ubaguzi wa rangi uliogeuzwa, na msomi hapaswi kuupinga mlango uliofungwa kwa kufunga mlango mwingine. Nakubali kuwa elimu haina rangi, na kwamba utafiti mzuri juu ya Afrika umefanywa na watu wa kila asili. Ila lawama hiyo inasahau kuuliza kila mlango ulikuwa unalinda nini. William Scarborough, mwanachama wa Academy na mwandishi wa kitabu cha kufundishia Kigiriki cha 1881, alikuwa mwanachama halali wa chama cha wanafilolojia cha Marekani. Mwaka 1909 mkutano ulipofanyika Baltimore, hoteli iliyoandaa chakula cha jioni ilikataa kuhudumia ikiwa Mweusi atakuwepo. Kadi yake ilikuwa halali, kiti chake hakikuwepo. Mwaka huohuo Du Bois alisoma makala mbele ya chama cha wanahistoria juu ya faida za kipindi cha Ujenzi Mpya baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Taaluma ilimsikiliza, kisha ikaendelea kwa miongo kufundisha kinyume chake. Vyama vya Weupe vilishika majarida, ajira, maktaba na fedha, na mtu aliyefungiwa nje alikuwa amefungiwa nje ya kazi yenyewe. Academy na chama cha Clarke havikuwa na uwezo wa kumnyima Mweupe yeyote ajira, jarida wala senti. Vilichomzuia ni kupiga kura tu juu ya mambo ya watu ambao wao wenyewe hawakuwa na kura mahali pengine. Mizani hii si sawa, na kuita pande zote mbili kwa jina moja ni kuficha tofauti ambayo kila aliyeishi wakati ule aliiona.

Hata hivyo kuna kosa moja ambalo utetezi huu haulifuti. Sababu inayoihalalisha kanuni ya asili ya Afrika ni kwamba walioguswa na uamuzi wawe na kura katika uamuzi. Sababu hiyohiyo inaihukumu kanuni ya wanaume pekee, kwa sababu Cooper na Fauset waliguswa na kila jambo Academy ililoliandika: kunyimwa kura, takwimu za Hoffman, shule duni. Kwa hiyo sioni kuwa katiba ya 1897 ilikosea kwa kujifunga kwa Weusi. Ilikosea kwa kujifunga kwa nusu yao, kwa kuweka dari ya idadi, na kwa kuhesabu ukimya wa wasiohudhuria kama kura ya kupinga. Woodson alisahihisha makosa hayo matatu akaacha la nne, lile la mkurugenzi asiyeweza kuondolewa. Wa Montreal walilikamata la nne, suala la nani anaamua, wakalifanya dai lao kuu. Chama kilichopendekezewa usawa katika bodi kilipoteza kwa kukataa kwake sehemu kubwa ya watu ambao Afrika kwao ilikuwa zaidi ya mada ya utafiti, na hilo lilikuwa pigo kwa elimu yenyewe, maana maswali yaliyoulizwa juu ya Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa katika miaka iliyofuata yaliendelea kupangwa bila wao.

Wasomi wa Afrika Mashariki wanaoandika katiba za jumuiya zao wana cha kujifunza hapa, na vyanzo haviko mbali. Katiba ya Academy ilichapwa mwishoni mwa kijitabu cha Du Bois cha 1897. Ni ya ukurasa mmoja au miwili, na haki zake za kunakili zilikwisha zamani. Idara za historia na za Kiswahili za vyuo vyetu ziitafsiri, ziiweke katika masomo ya mwaka wa kwanza pamoja na kurasa za Cooper, na wanafunzi wakisome kwanza kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kuingia.